Kwa nini vipindi vya HD nilivyorekodi vinapishana saizi kiasi hiki?

Mshikarimoti:

Habari zenu wakuu, naombeni mnieleweshe hili jambo maana limenikaa kichwani na sipati jibu. King'amuzi changu kina sehemu ya kuchomeka diski ya nje (hard disk), narekodi vipindi halafu naviangalia nikipata nafasi. Sasa nimeichomeka ile diski kwenye kompyuta nione mafaili yakoje, nikakuta mambo hayaeleweki. Kipindi cha mahojiano cha saa moja kina GB 2.2. Kipindi cha viumbe wa baharini, saa moja hiyohiyo, chaneli hiyohiyo, kina GB 4.1. Mechi ya saa mbili imekula GB 8.6 wakati filamu ya saa mbili kwenye chaneli nyingine ya HD imekula GB 5 tu. Katuni ya nusu saa haifiki hata GB 1.

Mi nilikuwa najua HD ni HD, picha ni 1920 kwa 1080, basi saa moja ya HD lazima iwe na uzito mmoja, kwa nini isiwe?

Na kinachonichanganya zaidi kuna sehemu moja ya tamthilia niliirekodi usiku ikatoka GB 3.4, nikairekodi tena kwenye marudio mchana ikatoka 2.7. Ileile, chaneli ileile! Je king'amuzi kinapunguza ubora? Au wenye chaneli ndo wanatupunja? Na kwa hali hii nitajuaje diski ya TB 1 itabeba saa ngapi?

Nyuki_7:

Mkuu kabla hatujaenda mbali angalia kwanza urefu halisi wa kila faili, usiangalie ratiba. Ving'amuzi vingi vinaongeza dakika kadhaa mwanzoni na mwishoni ili kipindi kisikatwe kikichelewa, na mechi ikienda dakika za nyongeza ndo kabisa. Ile tamthilia ya usiku inawezekana ilikuwa na matangazo mengi kuliko ya mchana. Gawa saizi kwa dakika ndo ulinganishe.

Mshikarimoti:

Nimeangalia. Tamthilia usiku ni dakika 61, mchana dakika 60. Hiyo dakika moja haiwezi kula MB 700.

FundiMawimbi:

King'amuzi chako hakina kosa na wala hakigusi ubora. Kikirekodi hakipigi picha upya, kinachukua data kama zilivyoshuka kutoka hewani na kuzimwaga kwenye diski, basi. Data zenyewe zinakuja kwenye vipaketi vya baiti 188 kila kimoja, na kila kipaketi kina namba inayosema hiki ni cha video ya chaneli fulani, hiki cha sauti, hiki cha maandishi ya chini, king'amuzi kinachambua vya chaneli yako na kuviacha vya wengine. Kwa hiyo saizi ya faili imeshaamuliwa kule inakotoka, kwenye mashine ya kubana video inayoitwa enkoda, kabla mawimbi hayajakufikia. Hata chaneli ikiwa ya kulipia na imefungwa, kule kufungwa hakuongezi wala hakupunguzi saizi ya vipaketi.

Sasa twende kwenye HD ni HD. Ile 1920 kwa 1080 ni ukubwa wa picha ikishafunguliwa kwenye skrini, haisemi chochote kuhusu data iliyosafiri. Piga hesabu: fremu moja, yaani picha moja tuli, ina pikseli (vidoti vya picha) 2,073,600, kila pikseli ipe biti 12 maana taarifa za rangi zilishapunguzwa, fremu 25 kwa sekunde, unapata karibu megabiti 622 kila sekunde. Saa moja ni GB 280! Hakuna anayeweza kurusha kitu kama hicho kwenye chaneli ya kawaida. Kwa saizi zako wewe kinachokufikia ni chini ya megabiti 10 kwa sekunde, ina maana zaidi ya asilimia 98 imeondolewa na bado unaona picha safi. Mimi kila nikiifikiria hiyo hesabu naona watu waliotengeneza hizi kodeki, yaani mbinu za kubana na kufungua video, walifanya kazi kubwa mno.

Wanafanyaje? Kila baada ya muda mfupi, tuseme nusu sekunde mpaka sekunde mbili, enkoda inatuma fremu moja nzima inayojitegemea. Zinazofuata hazitumwi nzima, zinaelezwa kwa kutegemea zilizotangulia na nyingine kwa kutegemea hata zile zinazokuja mbele: kipande hiki kimesogea pikseli 6 kulia, hiki hakijabadilika kiache, hiki ni kipya nakuchorea. Ni kama mtu anakusimulia kwa simu kinachoendelea chumbani, kama hakuna kilichobadilika atakwambia tu hali ni ileile na muda wa maongezi hauishi, lakini watu wakianza kukimbizana lazima aongee bila kupumua.

Kwa hiyo mahojiano yako: watu wawili wamekaa, kamera imetulia, nyuma yao ukuta uleule, kinachobadilika ni midomo na mikono. Inatosha biti kidogo. Bahari ni kinyume kabisa, maji yanacheza, mapovu, miale ya mwanga inavunjikavunjika, kundi la samaki linageuka wote kwa mara moja, hakuna kipande kinachofanana na kilichopita, enkoda inalazimika kueleza karibu kila kitu upya. Vitu vinavyoitesa enkoda kuliko vyote ni maji, moshi, moto, majani kwenye upepo, mvua, vikaratasi vya kusherehekea ubingwa, na taa za kamera zinazowaka uwanjani kwa sababu mwanga ukilipuka ile fremu haifanani na yoyote.

Mechi na filamu kuna jambo jingine tena. Mechi inarushwa kwa vipande 50 au 60 vya mwendo kila sekunde kutegemea nchi, na kila kimoja ni wakati mpya. Filamu imepigwa fremu 24 tu kwa sekunde, kwa hiyo hata ikirushwa kwenye chaneli ileile mwendo mpya uliomo ndani yake haufiki nusu. Halafu filamu nyingi zina ule ukanda mweusi juu na chini, kwenye filamu pana sana robo ya skrini inaweza kuwa nyeusi tupu, na weusi usiobadilika hauli kitu. Katuni ndo usiseme, rangi tambarare, na mchoro mmoja mara nyingi unashikiliwa fremu mbili au tatu kabla haujabadilika.

Kanuni ya kukumbuka: kila megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450 kwa saa. Ukirudi nayo kwenye mafaili yako, mahojiano yalikuja kwa wastani wa megabiti 4.9 kwa sekunde, bahari 9.1, mechi 9.6, filamu 5.6. Hivyo viwango vyote ni vya kawaida kabisa kwa HD iliyobanwa kwa kodeki ya H.264.

Mshikarimoti:

Daah asante sana Fundi, hapo kwenye filamu na mechi nimeelewa vizuri mno. Lakini tamthilia bado inanisumbua, picha ni zilezile, nyuso zilezile. Kwa maelezo yako ilitakiwa zilingane.

BintiMtambo:

Hapo kwenye tamthilia ngoja niingie mimi maana ndo jambo ninalolipenda.

Chaneli hairuki peke yake. Zinafungwa pamoja chaneli kadhaa kwenye mkondo mmoja, tunaita multipleksi, na ule mkondo una ujazo usiobadilika. Mfano multipleksi ya HD ya DVB-T2 (mfumo wa kurusha TV ya dijitali kwa antena) kule Uingereza ina megabiti 40.2 kwa sekunde, hapo wanagawana wote waliomo. Zamani kila chaneli ilikuwa inapewa fungu lake maalum, iwe inalihitaji au hailihitaji. Siku hizi mara nyingi kuna kidhibiti kinachoongea na enkoda za chaneli zote kwa mfululizo, kila enkoda inasema picha yangu sasa hivi ni ngumu kiasi hiki, kidhibiti kinagawa upya mara nyingi ndani ya sekunde moja. Chaneli yenye mtangazaji ameketi inaachia, yenye mechi inachukua.

Sasa tamthilia yako usiku inawezekana majirani zake kwenye multipleksi walikuwa na vipindi vyepesi, ikapata nafasi ya kutosha, ikatoka megabiti 7 na ushee. Mchana pengine mmoja wa majirani alikuwa na mechi, kidhibiti kikaibana ya kwako ikashuka kwenye 6. Kwa hiyo saizi ya kipindi chako inategemea pia kipindi ambacho wewe hukukiangalia wala hukukirekodi. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani tatizo ni diski.

Je umepunjwa? Kidogo inawezekana, lakini tofauti ya 7 na 6 kwenye tamthilia ya ndani ya nyumba ni ngumu kuiona kwa macho. Ungeiona kwenye mvua au kwenye dansi yenye taa nyingi, pale picha ingeanza kutoa vigaevigae vya mraba. Ukiviona vikitokea muda mfupi kwenye mwendo mkali halafu vinatoweka picha ikitulia, huo ni ubanaji. Ukiona picha inaganda na sauti inakatika hayo ni mambo ya antena au dishi, paketi zimepotea njiani, na hapo faili linaweza kupungua kidogo kwa sababu tu vitu havikufika.

Kinara wa Picha:

Mbona mnazunguka, jibu ni rahisi, faili kubwa ndo ubora mkubwa. Mimi kipindi kikitoka kidogo nakifuta nasubiri marudio.

FundiMawimbi:

Kinara hapana, na naomba hili lieleweke maana watu wanafuta vitu vizuri kwa imani hiyo. Ukubwa unalinganishwa na ubora pale tu vitu vingine vyote vinapofanana: kipindi kilekile, kodeki ileile, enkoda ileile. Nje ya hapo haukuambii chochote.

Chukua filamu ya zamani yenye chembechembe nyingi kwenye picha. Zile chembe zinarukaruka kila fremu bila mpangilio, hazitabiriki, enkoda inateketeza biti kuzifuata na faili linakuwa kubwa kuliko filamu mpya iliyo safi kama kioo. Au mechi ya usiku yenye kamera mbaya, picha ina chengachenga nyingi kwenye giza, unarekodi takataka kwa bei ya diski yako.

Halafu kodeki. MPEG-2 ni ya miaka ya 1990, H.264 ikatoka 2003, HEVC (ndiyo H.265) ikakamilika 2013, na kila kizazi kinahitaji takribani nusu ya biti za kilichotangulia kwa ubora unaokaribiana. Marekani mfumo wao wa ATSC wa mwanzo unatumia MPEG-2 na masafa ya chaneli moja yanabeba megabiti 19.39 kwa sekunde. Mtu wa huko akirekodi kutoka stesheni isiyogawana masafa yake na chaneli nyingine ndogo, saa moja inaweza kukaribia GB 8, na haina maana picha yake ni bora mara mbili ya kipindi chako cha bahari. Enkoda nayo ina akili zake. BBC HD mwaka 2009 ilishusha wastani wake kutoka megabiti 16 hadi 9.7 ilipofunga enkoda mpya, ikisema enkoda mpya zinafanya zaidi kwa biti chache. Watazamaji wakalalamika sana kwamba picha imeharibika, ubishi ukawa mkubwa. Kwa hiyo namba peke yake haimalizi kesi, lazima uangalie picha.

Mzee wa Waya:

Salaam. Mi narekodi kwa njia tofauti, nina kifaa kinachopokea HDMI kutoka kwenye kisanduku kingine kisha kinaandika kwenye kompyuta, na kwangu kila saa moja inatoka GB 3.6, iwe mpira iwe taarifa ya habari, hazipishani kabisa. Kwa nini kwangu inakuwa hivyo kama picha ngumu zinakula zaidi?

BintiMtambo:

Shikamoo Mzee wangu. Swali zuri sana kwa sababu kwako hali ni nyingine. Kwenye HDMI video imeshafunguliwa, kwa hiyo kifaa chako kinaibana upya, enkoda sasa ni ya kwako wewe. Na GB 3.6 kwa saa ni megabiti 8 kwa sekunde kamili, ina maana kwenye setingi imechaguliwa bitireti (kiasi cha biti kwa sekunde) isiyobadilika. Hapo saizi inafuata muda tu.

Lakini ugumu wa picha haujaenda popote, umehamia kwenye ubora. Taarifa ya habari inapewa megabiti 8 ambazo haizihitaji, mpira unapewa 8 wakati ulihitaji 10 au 12, basi unabanwa mpaka nyasi zinageuka kuwa kama rangi iliyopakwa. Ama uruhusu saizi ipande na kushuka ili ubora utulie, ama uifunge saizi ubora ndo upande na kushuka. Vyote viwili havifungiki kwa pamoja. Angalia kwenye programu yako kama kuna chaguo la bitireti inayobadilika au la ubora usiobadilika, ukiliwasha utaona mafaili yameanza kupishana kama ya Mshikarimoti, na hiyo ni dalili nzuri.

Kuna chaneli nazo zinarusha kwa kiwango kisichobadilika. Picha ikiwa nyepesi enkoda inajazia biti tupu zisizo na maana yoyote ili mkondo ubaki na ujazo uleule. Ujazaji ukiwa kwenye paketi tupu za multipleksi king'amuzi hakizirekodi, lakini H.264 inaruhusu kujazia ndani ya video yenyewe, na hapo unaweza kurekodi picha iliyoganda saa nzima ukapata faili kubwa kama la mechi. Baadhi ya programu za kurekodi zinajua kuzichuja hizo.

Mzee wa Waya:

Marahaba binti yangu. Nimeingia kwenye setingi na kweli iko kilobiti 8000 imefungwa. Nabadilisha leo.

Nyuki_7:

Na sauti jamani? Mmeisahau.

FundiMawimbi:

Sauti haitingishi sana. Sauti ya aina ya Dolby ya kilobiti 384 kwa sekunde ni kama MB 173 kwa saa. Ila chaneli inaweza kuweka sauti mbili au tatu, lugha ya pili, maelezo kwa wasioona, na king'amuzi kikizirekodi zote inaweza kufika nusu GB. Kwenye kipindi chepesi kama mahojiano hiyo si ndogo. Maandishi ya chini ni vijisenti tu.

Mshikarimoti kuhusu diski: usitafute namba moja, tafuta wastani wa vitu unavyorekodi wewe. Ukichanganya mechi na mahojiano tuseme inakuja megabiti 8, yaani GB 3.6 kwa saa, basi TB 1 inakupa kama saa 277. Mpenzi wa mpira tupu atapata kama 230. Kwenye kompyuta ya Windows itakuonyesha 931 badala ya 1000, hujaibiwa, kompyuta inagawa kwa 1024 na mtengenezaji anagawa kwa 1000. Na king'amuzi kinaweza kushikilia sehemu ya diski kwa ajili ya kusimamisha na kurudisha nyuma matangazo mubashara, hiyo itoe kwenye hesabu. Zile saa zilizobaki zinazoandikwa kwenye skrini ni makadirio, ndo maana ukirekodi mechi moja zinashuka kwa kasi usiyoitarajia.

Ukikuta mechi imekatwa vipande vya GB 4 usishtuke, hiyo ni diski iliyofomatiwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili), faili moja haliwezi kuzidi hapo.

Mshikarimoti:

Nimefungua mafaili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za video, kweli namba za Fundi zimekaa palepale. Kitu kipya nilichokiona, ile filamu inasoma 1440 kwa 1080 sio 1920. Hiyo nayo ni HD au tumechezewa? Na nikitaka kuipunguza ile mechi ya GB 8.6 niihifadhi, nafanyaje? Nilijaribu kuizipu haikupungua kitu.

BintiMtambo:

Ni HD, ila pikseli zinatumwa pungufu kwa robo halafu king'amuzi au runinga inazivuta kwa upana. Baadhi ya chaneli wanafanya hivyo ili kuokoa nafasi, na kwenye filamu yenye picha laini wengi hawaoni tofauti. Kwenye maandishi madogo ndo utaiona. Kwa hiyo hiyo filamu ilikuwa ndogo kwa sababu tatu zilizokaa pamoja: fremu 24, ukanda mweusi kama unao, na hizo pikseli.

Kuzipu hakusaidii kwa sababu video imeshabanwa mpaka mwisho, hakuna kinachojirudia cha kubana tena.

Mechi anza na kukata usichokihitaji, dakika za kabla, mapumziko, uchambuzi. Tumia programu ya ffmpeg kwa kunakili bila kubana upya, picha haiguswi hata kidogo, na mapumziko na uchambuzi peke yake vinaweza kukuokolea zaidi ya GB 1. Ukitaka zaidi ya hapo ndo uingie HandBrake, programu ya kubana video upya, chagua H.265 na ubora usiobadilika, usichague saizi. Kila kubana upya kunapoteza kitu, kwa hiyo usifute faili la mwanzo mpaka uangalie kwanza pale kamera inapokimbia na mashabiki wote wamesimama. Nyasi na nyuso zikiwa bado zinaonekana hapo, sehemu nyingine zitakuwa salama.

Mshikarimoti:

Nashukuru sana wakuu. Naanza na kukata mapumziko, nitaleta saizi mpya hapa.